Michezo ya Kuchangamsha Kundi na Kazi ya Chama

Katika vyama vingi vya msingi mkutano huenda kwa namna moja. Mwenyekiti hufungua mkutano, katibu husoma muhtasari wa mkutano uliopita, kisha wanachama huulizwa kama kuna mwenye swali. Hapana anayejibu. Kimya hicho huandikwa katika daftari kuwa ni kukubali, na ajenda inayofuata huitwa. Mkutano ukishafungwa, nje chini ya mwembe, ndipo maswali yote yaliyokosekana ndani husikika: mbona makato yameongezeka, magunia mangapi yalirudishwa kutoka ghala kuu, na ni nani aliyeidhinisha malipo ya gari.

Hali hiyo haiko kwa wanachama peke yao. Hata miongoni mwa watumishi wa chama, yaani katibu, mtunza fedha, karani wa mizani, mtunza ghala na mlinzi, wapo wanaofanya kazi pamoja msimu mzima bila kuambiana jambo lolote zaidi ya salamu na amri. Makala haya yanaeleza njia moja ya kuondoa kimya hicho, nayo ni michezo mifupi ya kufahamiana na kushirikiana, inayofanywa kabla ya mkutano, katika semina, au mwanzoni mwa msimu wa kazi. Wako wanaoiona kuwa ni upuuzi wa kupoteza muda. Wako pia wanaoifanya bila kujua makusudi yake. Makundi yote mawili yanahitaji maelezo.

KIMYA KINA GHARAMA

Mathalani, chukua safari ya korosho katika Mkoa wa Pwani. Mkulima huleta mzigo wake katika chama cha msingi, karani huupima na kumwandikia stakabadhi. Mzigo husafirishwa hadi ghala kuu, hupimwa tena na kupangwa madaraja, kisha huuzwa kwa mnada, na malipo humfikia mkulima baada ya makato. Katika kila hatua mtu mmoja hukabidhi kwa mwingine. Ikiwa uzito uliopatikana katika ghala kuu haulingani na uzito uliopimwa chamani, wa kwanza kuiona tofauti hiyo aghalabu ni karani mdogo au mtunza ghala. Akiwa na uhusiano mwema na wakubwa wake atasema siku hiyo hiyo, na sababu itatafutwa mapema: huenda mizani haikusawazishwa, au korosho zilipokewa zikiwa mbichi zikapungua uzito. Akiwa na hofu atanyamaza, na hasara itakuja kugawanywa kwa wanachama wote mwisho wa msimu.

Kwa hiyo woga wa kusema ni jambo linalohusu fedha za wanachama. Misingi ya ushirika inayokubaliwa duniani, ambayo Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliipitisha upya mwaka 1995, inataja udhibiti wa kidemokrasia wa wanachama kuwa msingi wa pili, na elimu, mafunzo na habari kuwa msingi wa tano. Lakini demokrasia haiwezi kuwapo mahali ambapo watu watatu husema na watu mia mbili husikiliza.

MCHEZO SI JAMBO GENI

Wengine hudhani kwamba desturi ya kuanza kazi kwa mchezo imeletwa na wataalamu kutoka nje. Hiyo si kweli. Wazee walijua zamani kwamba mtu hufungua moyo wake kwa urahisi zaidi akiwa amecheka.

Kitendawili ni mfano ulio wazi. Mmoja hutoa kitendawili, wengine humwitikia atege, na wote hupimana akili. Mbele ya kitendawili hapana mkubwa wala mdogo. Mtoto aweza kumshinda mzee, na mzee akishindwa hana budi kumpa mtegaji mji ili aambiwe jibu. Kwa muda huo mfupi cheo huwekwa kando bila mtu yeyote kuvunjiwa heshima.

Utani ni mfano mkubwa zaidi. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi Wanyamwezi ilipita katika nchi ya Wazaramo na makabila jirani ikielekea pwani. Watu waliokuwa wageni, na pengine maadui, walijenga uhusiano wa utani, na hata leo Mzaramo na Mnyamwezi hutaniana. Mtani huruhusiwa kusema neno ambalo likisemwa na mwingine lingezua ugomvi. Msibani yeye huwatania wafiwa, na vilevile hushika kazi ambazo wafiwa hawana nguvu ya kuzifanya. Hapa pana fundisho kubwa: mzaha uliowekewa mipaka na desturi huzaa wajibu wa kusaidiana na huruhusu ukweli usemwe.

Katika nchi za viwanda jambo hili lilianza kuchunguzwa kitaalamu hasa katika miaka ya 1940. Kurt Lewin, mtaalamu wa elimu ya nafsi aliyehamia Marekani kutoka Ujerumani, alionyesha kwamba watu hubadili mazoea yao zaidi wanapozungumza na kuamua pamoja katika kundi dogo kuliko wanapohutubiwa. Tanzania nayo ilitumia njia ya makundi madogo kwa upana mkubwa. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo, na watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma na kujadiliana. Kazi ya kiongozi wa kikundi ilikuwa kuuliza na kuongoza mazungumzo, na si kuhutubia.

MAFUNZO KUTOKA TUMBI

Tumbi, katika Kibaha, yapata kilomita 40 kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, ni mahali panapofaa kutazamwa na wanaushirika. Hapo ndipo lilipo Shirika la Elimu Kibaha, lililotokana na mpango wa mwaka 1963 kati ya Tanganyika na nchi za kaskazini mwa Ulaya, zikiwamo Denmaki, Norwei, Uswidi na Ufini. Mwaka 1970 mradi huo ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania. Shabaha yake ilikuwa kupambana na maadui watatu kwa pamoja. Shule ilipigana na ujinga, kituo cha afya kilipigana na maradhi, na chuo cha wakulima kilipigana na umaskini.

Kibaha pia kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo vya namna hiyo vilianzishwa nchini kuanzia mwaka 1975 kwa msaada wa Uswidi, na chimbuko la fikra yake ni Denmaki, ambako shule ya kwanza ya wananchi ilifunguliwa mwaka 1844 katika mji wa Rødding kwa kufuata mawazo ya mchungaji N.F.S. Grundtvig. Katika shule hizo watu wazima waliishi pamoja, walikula pamoja, waliimba pamoja, na walijifunza zaidi kwa mazungumzo kuliko kwa mitihani. Waanzilishi wake waliamini kwamba mkulima aliyezoea kunyamaza mbele ya wakubwa hawezi kushiriki katika mambo ya nchi yake mpaka kwanza azoee kusikia sauti yake mwenyewe kati ya wenziwe. Wimbo wa pamoja ulikuwa mlango wa kuingilia katika mazoea hayo.

Tumbi inatoa mfano mwingine kwa hospitali yake, ambayo ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani. Kwa kuwa iko karibu na barabara kuu, hospitali hiyo hupokea majeruhi wengi wa ajali za magari. Majeruhi aliyefika usiku huwa mikononi mwa watu wengi kwa mara moja: daktari, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mpiga picha za eksirei na mhudumu wa machela. Mmoja wao akiona kosa akanyamaza, mgonjwa ndiye anayelipa.

Kuhusu hatari hiyo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa katika upasuaji. Jambo moja katika orodha hiyo ni kwamba kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani awe amejitambulisha kwa jina na kazi yake. Orodha ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, na mojawapo ilikuwa hospitali ya Ifakara katika Mkoa wa Morogoro. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo katika hospitali hizo kwa jumla vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8 ya wagonjwa waliopasuliwa, na madhara makubwa yalipungua kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7. Si haki kudai kwamba kutajana majina peke yake kulileta mafanikio hayo, kwani mambo mengine 18 nayo yalitimizwa. Lakini ni jambo la kuzingatiwa kwamba madaktari bingwa waliona kutajana majina kunastahili kuwekwa pamoja na kuhesabu sindano na vitambaa. Mtu aliyekwisha kutoa sauti mara moja katika chumba hupata urahisi wa kuitoa mara ya pili, pale inapohitajika kusema, "Simama, hapa pana kosa."

MICHEZO MINNE INAYOWEZA KUFANYWA CHAMANI

Michezo ifuatayo haihitaji fedha. Katibu achague mmoja unaofaa kwa shughuli ya siku hiyo, wala asiifanye yote kwa mara moja.

1. Kumtambulisha mwenzako. Washiriki wakae wawili wawili, kila mtu na yule asiyemfahamu sana. Kwa dakika tatu mmoja amwulize mwenziwe jina lake, kitongoji chake, zao lake kubwa, na jambo moja analolijua vema. Kisha wabadilishane. Baadaye kila mmoja asimame kumtambulisha mwenziwe mbele ya wote. Faida yake ni kwamba mwenye haya huona ni rahisi kumsema mwingine kuliko kujisema mwenyewe. Aidha, chama hugundua hazina iliyojificha: huyu ni fundi wa mabomba ya kupulizia dawa, yule aliwahi kuwa karani wa ghala.

2. Nyama. Washiriki husimama katika duara. Kiongozi hutaja wanyama harakaharaka, akitaja anayeliwa, wote hupiga makofi na kuitikia "Nyama!", akitaja asiyeliwa, hunyamaza. Anayekosea huwa kiongozi. Mchezo huu ni wa dakika tano tu, na wafaa baada ya chakula cha mchana watu wanapoanza kusinzia. Kiongozi aepuke kutaja mnyama ambaye dini zinatofautiana juu yake.

3. Ujumbe wa kupokezana. Watu wapatao 12 hukaa kwa mstari. Katibu humnong'oneza wa kwanza maneno kama haya: "Chama kimepokea magunia 46 ya daraja la kwanza na 17 ya daraja la pili, mawili yamerudishwa kukaushwa." Kila mmoja humnong'oneza anayefuata mara moja tu. Wa mwisho husema kwa sauti alichokisikia, na katibu husoma maneno ya asili yaliyo katika karatasi. Kicheko huwa kikubwa, kwani mara nyingi magunia huwa yameongezeka au yamepungua njiani. Hapo hapana haja ya mhadhara mrefu juu ya kuandika stakabadhi na hati ya makabidhiano.

4. Miraba mitano. Huu ndio mchezo unaofaa zaidi kwa wanaushirika, na umetumiwa katika mafunzo ya nchi nyingi kwa miaka mingi. Hukatwa miraba mitano ya karatasi ngumu iliyo sawa kwa ukubwa, na kila mraba hukatwa vipande vitatu. Mikato ya miraba itofautiane, lakini vipande kadhaa vya miraba mbalimbali vilingane, ili mtu aweze kukamilisha mraba kwa vipande ambavyo vinahitajiwa na mwenziwe. Vipande vyote 15 huchanganywa na kutiwa katika bahasha tano, kila bahasha vipande vitatu. Watu watano hukaa mezani, kila mmoja na bahasha yake. Kazi ni kila mmoja wao kuwa na mraba kamili mbele yake. Sheria ni tatu: hapana kusema, hapana kuomba kwa ishara wala kunyang'anya, ila kila mtu yu huru kumpa mwenziwe kipande chochote. Katibu aujaribu mwenyewe kwanza, ahakikishe kwamba miraba yote mitano inawezekana.

Kinachotokea karibu kila mara ni hiki. Mmoja hupata kukamilisha mraba wake mapema, hukunja mikono na kuwatazama wengine wakihangaika. Hajui kwamba mraba wake umeshikilia kipande ambacho bila hicho wengine hawawezi kumaliza. Kundi halitafanikiwa mpaka akubali kuuvunja mraba wake mwenyewe na kutoa kipande. Wako wanaotoa upesi, na wako wanaokaa robo saa nzima. Mwanachama aliyeucheza mchezo huu huelewa kwa nini mkulima mkubwa anayeuza korosho zake kwa mlanguzi, kwa kuwa yeye anajiweza, hudhoofisha mnada wa wote.

MASWALI BAADA YA MCHEZO

Mchezo ukiisha bila mazungumzo umebaki kuwa mchezo mtupu. Hili ndilo kosa linalotendeka zaidi katika semina: watu huruka, hucheka, kisha huambiwa wakae na kufungua madaftari, kana kwamba kilichotendeka hakikuwa na maana. Baada ya mchezo wa tatu na wa nne katibu aulize maswali matatu, naye anyamaze asikilize.

Kwanza: ni nini kilichotokea? Watu waeleze walichokiona na walichokisikia. Pili: kwa nini kilitokea hivyo? Tatu: katika kazi ya chama, jambo kama hili hutokea wapi? Swali la tatu ndilo lenye thamani. Katika mchezo wa ujumbe, mtu atasema kwamba siku ya mnada bei huwafikia wanachama kwa maneno ya njiani. Mwingine atasema kwamba zamu za ghala hukabidhiwa kwa mdomo. Mkutano uchague moja kati ya hayo, uamue namna ya kulirekebisha, umtaje mwenye jukumu na tarehe, na uamuzi huo uandikwe katika muhtasari. Mkutano unaofuata uanze kwa kuuliza kama uamuzi ulitekelezwa.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Mchezo mbaya huvunja kundi badala ya kulijenga. Katibu azingatie yafuatayo:

(a) Heshima ya ukoo. Katika mkutano wa kijiji huenda wakawamo mama mkwe na mkwewe, ambao desturi haiwaruhusu kufanyiana mzaha. Watu waachwe wachague wenzi wao.

(b) Kugusana. Michezo ya kushikana mikono au kukimbizana kati ya wanaume na wanawake haifai kila mahali. Akina mama waliovaa kanga, wajawazito na wazee wasilazimishwe kuruka.

(c) Dini. Mwezi wa Ramadhani usifanyike mchezo wa kuchosha wala wa kula, na saa za sala ziheshimiwe.

(d) Kusoma na kuandika. Usichaguliwe mchezo utakaomfichua asiyejua kusoma.

(e) Hiari. Asiyetaka kucheza aruhusiwe kutazama; mara nyingi huingia mwenyewe mara ya pili.

(f) Viongozi. Mwenyekiti na wajumbe wa bodi wacheze pamoja na wengine. Kiongozi anayesimama pembeni huku wadogo wakichekwa huongeza woga uliokuwapo.

(g) Utani wa makabila. Utani wa watani wenyewe ni mila yao. Mchezo unaomfanya mtu achekwe kwa kabila lake, ulemavu wake au umaskini wake ni matusi.

MIPAKA YA MCHEZO

Ni lazima isemwe waziwazi kwamba mchezo hauchukui nafasi ya utaratibu. Ikiwa fedha za chama zimepotea, dawa yake ni ukaguzi na Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, na kuwaita wanachama wacheze wakati hesabu zao hazijulikani ni kuwadhihaki. Ikiwa watumishi hawajalipwa mishahara, hawatachangamka kwa kupigishwa makofi. Wala mchezo hauwezi kumfanya mwizi kuwa mwaminifu.

Lakini ukaguzi nao una mipaka yake. Mkaguzi huja mara chache, naye hukuta yaliyokwisha kutendeka. Wanaokuwapo kila siku ni karani, mtunza ghala, mlinzi na mwanachama mwenyewe aliyesimama mbele ya mizani. Macho yao ndiyo ulinzi wa kwanza wa mali ya chama, na macho hayo hayafai kitu ikiwa midomo imefungwa. Kazi ya mchezo ni ndogo, nayo ni kuifungua midomo hiyo kabla ya jambo kuharibika.

Katibu anayetaka kujaribu asingoje semina kubwa. Katika kikao kijacho cha watumishi atenge dakika 15 kwa mchezo wa ujumbe, aulize maswali matatu, na aandike uamuzi mmoja. Katika mkutano mkuu aanze kwa kuwagawa wanachama wawili wawili watambulishane, kisha kila wawili wapeane swali moja wanalotaka lijibiwe na bodi. Swali lililokwisha kusemwa kwa jirani ni jepesi kusemwa mbele ya wote. Na ikiwa siku hiyo mkutano utachelewa kumalizika kwa sababu maswali yamekuwa mengi, katibu asisikitike; ayaandike yote, pamoja na majibu yake.